Ahadi ya Kunyamaza na Deni Lake

Wazee wetu wametuachia mithali mbili ambazo ukiziweka pamoja zaonekana kana kwamba zagombana. Ya kwanza yasema, Tenda wema nenda zako. Ya pili yasema, Chanda chema huvikwa pete. Moja yamwambia mtu asingoje shukrani. Nyingine yasema ya kuwa shukrani ni haki ya mtenda mema. Watoto wetu shuleni huziandika zote mbili katika madaftari yao, wala hawaulizi ni ipi ya kufuata. Nami nilikuwa vivyo hivyo, hata niliposoma habari za mtu mmoja wa Uingereza, fundi wa simu, aliyefanya kazi kubwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha akaamriwa asiseme neno. Habari zake zimeniletea maswali mawili, nami nawaomba wasomaji wayapime pamoja nami. Mtu aliyeahidi kunyamaza, ahadi yake humfunga mpaka lini? Na yule aliyemfunga kwa ahadi hiyo, je, yeye hana deni?

Mtu huyu aliitwa Thomas Flowers. Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1905 katika mtaa wa Poplar, mashariki ya London, na baba yake alikuwa mwashi. Hakupitia Oxford wala Cambridge. Alifanya kazi mchana na kusoma jioni, mpaka akapata digrii ya ufundi wa umeme katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1926 aliingia kazi ya Posta, maana siku zile simu za Uingereza zilikuwa chini ya Posta, na baadaye akawa katika nyumba yao ya utafiti mahali paitwapo Dollis Hill.

Hapa yafaa nieleze jambo moja la ufundi, kwa sababu habari yote imesimama juu yake. Ndani ya redio za zamani mlikuwa na taa ndogo za kioo, zilizokuwa na kazi ya kuongoza nguvu za umeme. Watu wote waliokuwa na redio walijua ya kuwa taa hizi huungua mara kwa mara. Kwa hiyo wenye elimu wengi walisema ya kuwa mashine yenye taa elfu haiwezi kufanya kazi, maana kila saa itakuwako moja iliyokufa, na mafundi watashinda wakiitafuta. Lakini Flowers alikuwa amezitumia taa hizo katika mitambo ya simu, akaona neno ambalo wengine hawakuliona. Kinachoiharibu taa ni kuwashwa na kuzimwa, kupata moto na kupoa. Ikiachwa ikiwaka usiku na mchana, hudumu miaka. Ni neno dogo, nalo halikutoka katika vitabu, bali katika kazi ya kila siku.

Basi vita vilipokuwa vikali, majemadari wa Hitler walipelekeana habari kwa mashine iitwayo Lorenz. Mashine hiyo ilikuwa na magurudumu 12, nayo ilichanganya kila herufi ya barua na herufi nyingine, hata barua ikawa fumbo tupu. Waingereza walikuwa na wafumbuzi wao katika nyumba moja ya shamba iitwayo Bletchley Park. Tarehe 30 Agosti 1941 karani mmoja wa Kijerumani alipeleka barua ndefu. Mwenzake akamwomba airudie. Naye akairudia bila kubadili mpango wa magurudumu, akifupisha maneno hapa na pale. Kosa hilo moja lilitosha. Mzee wa wafumbuzi, John Tiltman, alizitenga barua zile mbili. Kisha kijana mmoja wa miaka 24, Bill Tutte, akakaa na kalamu na karatasi, mpaka mwanzoni mwa mwaka 1942 akaeleza jinsi mashine ile ilivyoundwa, gurudumu kwa gurudumu, naye hakupata kuiona kwa macho. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua.

Walakini kujua umbo la kufuli si kupata ufunguo. Kila barua ilihitaji kutafutiwa mahali magurudumu yalipoanzia, na kwa mkono kazi hiyo ilichukua muda mrefu, hata habari ikawa imechacha kabla haijasomwa. Mwalimu mmoja wa hesabu kutoka Cambridge, Max Newman, alitaka kazi hii ifanywe na mashine. Ya kwanza ilifika mwaka 1943. Ilisoma kanda mbili za karatasi zenye matundu, nazo zilipaswa kwenda sawasawa. Lakini zilipishana, zikavutika, zikakatika. Flowers alipoitwa kusaidia alisema ya kuwa ukanda mmoja uondolewe kabisa, na alama zake ziwekwe ndani ya mashine kwa taa za kioo, zaidi ya elfu. Wakuu wa Bletchley hawakusadiki. Hawakumkataza, lakini hawakumtegemea. Flowers akarudi Dollis Hill kwa mkubwa wake, akapata ruhusa, akaanza kazi na wenzake, akitoa hata fedha za mfukoni mwake. Baada ya miezi 11 mashine ilikuwa tayari.

Waliiita Colossus, maana yake jitu kubwa. Ilikuwa na taa zipatazo 1,600, nayo ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde moja. Ilianza kazi yenyewe tarehe 5 Februari 1944. Ya pili, yenye taa 2,400, ilianza tarehe 1 Juni 1944, siku tano kabla majeshi hayajashuka katika pwani ya Normandy. Vita vilipokwisha zilikuwako mashine kumi, zikihudumiwa usiku na mchana na wanawake 272 wa jeshi la bahari pamoja na wanaume 27. Sisemi ya kuwa ilikuwa kompyuta kamili kama hizi tuzijuazo leo. Haikuweza kuhifadhi maagizo ya kazi ndani yake, na aliyetaka kuibadili kazi alipaswa kugeuza swichi na kuchomeka nyaya upya. Lakini ilikuwa mashine ya umeme ya kupiga hesabu kwa taa nyingi pasipo kuchoka, jambo ambalo wenye elimu walisema haliwezekani.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Vita vilipokwisha mwaka 1945, amri ilitoka ya kuwa mashine zile zivunjwe. Mbili tu zilibakizwa kwa kazi ya siri ya serikali. Nane zikavunjwa vipande vipande. Tena Flowers aliamriwa kuharibu michoro yote ya kazi yake. Akaichukua, akaitia katika tanuri pale Dollis Hill, akaitazama ikiungua. Jamaa zake walijua tu ya kuwa wakati wa vita alifanya kazi ya siri, tena kubwa. Serikali ilimpa pauni 1,000, fedha ambazo hazikutosha kumrudishia alizotoa mfukoni, naye akawagawia wenzake sehemu kubwa ya fedha hizo.

Mwezi wa Februari 1946, katika mji wa Philadelphia, Wamarekani walitangaza mashine yao iitwayo ENIAC, iliyojengwa kwa ajili ya jeshi lao ili kupiga hesabu za mizinga. Ilikuwa na taa karibu 18,000, kazi kubwa kweli, na wajenzi wake John Mauchly na Presper Eckert walistahili sifa. Magazeti yakashangilia, na vitabu vingi vikaandika ya kuwa hii ndiyo mashine ya kwanza ya namna hiyo duniani. Colossus ilikuwa imeitangulia kwa miaka miwili. Flowers alisoma habari hizo kama watu wote, akanyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Je, alifanya vema kunyamaza? Wako watakaosema, "La. Kazi ilikuwa ya akili yake na mikono yake. Vita vimekwisha, adui ameshindwa. Kusema kungemdhuru nani?" Maneno haya yana nguvu, lakini nayaona yamesahau neno moja. Siri ile haikuwa mali ya Flowers peke yake. Ilikuwa ya wanawake wale 272, na ya Tutte, na ya Newman, na ya maelfu wengine wa Bletchley, kila mmoja ameahidi. Siri ya watu wengi ni kama kisima cha kijiji: mmoja akikifukia, wote wamekosa maji. Kama Flowers angefungua kinywa chake, angezivunja ahadi za wote kwa sauti moja. Tena hakuweza kujua kama hatari imekwisha. Mtu aliyeko ndani ya chumba kimoja cha nyumba kubwa hajui kilichomo katika vyumba vingine. Ahadi ni deni, na mwenye kudaiwa hajihukumii mwenyewe siku ya kusamehewa.

Wako na wengine watakaosema kinyume: "Basi hakuna cha kulalamika. Mungu aliiona kazi yake, na Bwana wetu ametufundisha kutoa sadaka pasipo kupiga panda." Hili nalo ni kweli, nami silipingi. Lakini nimeangalia ni nani hupenda kulisema neno hili, na mara nyingi ni yule anayefaidiwa na kimya cha mwenzake. Mwenye shamba humwambia kibarua ya kuwa thawabu yake iko mbinguni, naye huku ameshika ujira wake mkononi. Fundisho la kutenda kwa siri alipewa mtoaji, ili moyo wake usiharibike. Hakupewa mpokeaji, ili apate kusahau.

Hapa ndipo ninapoiona njia ya kuzipatanisha zile mithali mbili. Hazigombani, maana haziambiwi mtu mmoja. Tenda wema nenda zako, huambiwa yule atendaye. Chanda chema huvikwa pete, huambiwa sisi tunaotazama. Chanda hakijivishi pete chenyewe, huvikwa. Mtendaji akiishika mithali ya pili badala ya ya kwanza, atakuwa mtu wa majivuno. Na watazamaji wakiishika ya kwanza badala ya ya pili, watakuwa wadhalimu, tena wadhalimu wenye maneno matamu.

Basi tuirudie serikali iliyopokea ahadi ya Flowers. Mwenye kumtaka mtu anyamaze amepokea amana mkononi mwake: jina la mtu huyo, na haki yake ya kusema, "Hii ni kazi yangu." Huenda ikawapo sababu njema ya kuishika amana hiyo mwaka mmoja au kumi. Lakini siku sababu inapokwisha, yampasa airudishe pasipo kuombwa, maana aliyefungwa kinywa hawezi hata kuomba. Picha za Colossus zilitolewa mwaka 1975, na Flowers alikuwa na miaka 69. Taarifa kubwa iliyoandikwa mara baada ya vita, yenye kueleza kazi yote, ilitolewa mwaka 2000. Flowers alikuwa amekufa tarehe 28 Oktoba 1998. Deni lililolipwa juu ya kaburi ni bora kuliko lisilolipwa, lakini halimfikii mwenyewe.

Wala hasara haikuwa ya mtu mmoja. Baada ya vita wajenzi wengine wa mashine walipotiliwa shaka juu ya maelfu ya taa, mtu aliyekwisha kuondoa shaka hiyo kwa mikono yake hakuweza kuwaambia, "Nimefanya, nimeona." Mbegu haikufa yote: Newman alikwenda Manchester, na huko, mwezi wa Juni 1948, mashine ilifanya kazi kwa mara ya kwanza ikiwa na maagizo yake ndani yake yenyewe. Lakini wenye kujua walipaswa kujifanya hawajui.

Hata pwani yetu ililala karibu na siri ya namna hii. Mwaka 1942 wafumbuzi wa jeshi la bahari la Uingereza, waliokuwa wakisikiliza simu za Wajapani, waliondoka Colombo wakahamia Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Mwaka huohuo walifumbua fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Kijapani, na mwaka 1943 wakarudi Colombo. Mashine ya Flowers ilikuwa haijazaliwa bado. Kazi yao ilikuwa nyingine, lakini kimya kilikuwa kilekile. Nalitaja jambo hili tusije tukadhani ya kuwa siri za vita ni habari za mbali. Kuta tunazozipita kila siku zaweza kuwa zimesikia mambo ambayo hatukuambiwa.

Liko neno jingine lililonisumbua, nami sitaki kulificha. Mwaka 1993 watu wa Bletchley, wakiongozwa na Tony Sale, walianza kuijenga Colossus upya. Walikuwa na picha chache, na vipande vya michoro ambavyo mafundi wengine walikuwa wameviweka nyumbani kinyume cha amri. Kwa hiyo Flowers aliyetii, michoro yake ilikuwa majivu. Na wale wasiotii ndio waliotufaa. Je, twaweza kusema ya kuwa wao ndio waliofanya haki? Mimi sithubutu. Tendo haliwi haki kwa sababu limetokea kutufaa baada ya miaka hamsini. Wao wenyewe hawakuweza kujua ya kuwa litafaa. Lakini nasema hivi: aliyeamuru kuchoma kila karatasi, bila kuiweka hata moja mahali salama kwa ajili ya siku ya kurudisha amana, ndiye aliyewasukuma watu wema kuchagua kati ya utii na kumbukumbu. Amri njema haimwachi mtu katika njia panda ya namna hiyo.

Tena tutofautishe kufichwa kwa namna mbili. Flowers alifichwa kwa ahadi. Lakini wako waliofichwa kwa kupuuzwa tu, wala hakuna aliyewaapisha. ENIAC ilipoonyeshwa kwa watu, wanawake sita waliokuwa wameipangia kazi zake, wakijifunza wenyewe njia ya kuiagiza, hawakutajwa. Hapakuwa na siri; palikuwa na mazoea tu ya kutowaona. Kwa Flowers serikali ingeweza angalau kutaja sababu. Kwa wanawake wale hakuna sababu ya kutaja, na dhambi ya namna hii ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Kwetu sisi walimu, ni mara ngapi mkaguzi huja, akasifu shule, na mwalimu mkuu akainama kushukuru, na yule aliyewafundisha watoto kusoma herufi zao za kwanza amesimama nyuma karibu na mlango?

Kwa hiyo naona yatupasa mambo matatu. Kwanza, tukiahidi kunyamaza, tunyamaze, hata mwingine akivikwa pete yetu. Maana neno lililovunjwa halitengenezwi na sifa. Pili, tukimtaka mtu anyamaze, awe karani, au muuguzi, au mtoto wetu, tujiulize siku hiyohiyo ni lini tutamfungua, na ni nani atakayelitaja jina lake sisi tukiwa hatupo. Tatu, tukifundisha watoto ya kuwa fulani alikuwa wa kwanza, tuseme kwa unyenyekevu, "wa kwanza tunayemjua." Neno moja hilo la kuongeza halituletei hasara, nalo lamwachia nafasi mtu ambaye kinywa chake kimefungwa.

Namaliza kwa habari ndogo ya mwaka 1993. Flowers, akiwa mzee wa miaka 87, alihudhuria masomo ya mwanzo ya kutumia kompyuta katika chuo cha Hendon, akakaa na kujifunza, akapewa cheti kama mwanafunzi mwingine yeyote. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1996, alikuwako Bletchley Colossus mpya ilipowashwa, akaziona taa zikiwaka tena. Sijui ni lipi kati ya mambo hayo mawili liliufurahisha moyo wake zaidi. Lakini najua lipi litufundishalo zaidi: mtu aliyezijenga mashine hizi kabla dunia haijazisadiki, hakuona haya kukaa katika kiti cha mwanafunzi, na cheti mkononi. Yeye alitenda wema, akaenda zake. Pete ilikuwa kazi yetu, nasi tulichelewa.